Mitaro ya Exmoor

Ukiitazama ramani ya Uingereza, utaona kwamba upande wa kusini-magharibi nchi imejinyosha baharini mfano wa mguu wa mtu. Katika mguu huo, karibu na pwani yake ya kaskazini, ipo nchi ya juu iitwayo Exmoor. Si nchi ya milima mirefu. Kilele chake kirefu kuliko vyote hakifiki futi 1,750, na mtu aliyezoea kuona Kilimanjaro au Uluguru angeiita nchi ya vilima tu. Walakini ni nchi ya upepo, ukungu na mvua. Mawingu hutoka katika bahari ya Atlantiki yakiwa yamejaa maji, hupanda juu ya vilima hivyo, na hapo humwaga mzigo wao. Miti ni michache huko juu. Jicho huona majani tu, marefu, yenye rangi ya ukavu wakati wa baridi, yakiinama kwa upepo toka kilima hata kilima.

Mtu apitaye katika majani hayo hana budi kutazama mahali anapoweka mguu, kwani aweza kutumbukia katika mtaro kabla hajauona. Mitaro hiyo ni myembamba, na mingi kina chake ni kama cha goti. Mmoja peke yake si kitu cha kushangaza. Lakini mtu akipanda mahali pa juu, jua likiwa limeinama, ataona ya kuwa mitaro hii ni mingi mno, nayo imenyoka, mmoja kando ya mwenzake, ikishuka kuelekea mabonde. Maji yenyewe hayachori njia iliyonyoka namna hiyo. Njia iliyonyoka namna hiyo ni kazi ya mkono wa mwanadamu.

Watoto wa nchi ya Wachaga wanaijua mifongo, yaani mifereji ya zamani ambayo babu zao waliichimba ili kuyaleta maji ya mlimani mpaka kwenye migomba. Mitaro ya Exmoor ilichimbwa kwa shabaha iliyo kinyume cha hiyo. Haikuchimbwa ili kuleta maji shambani, ilichimbwa ili kuyafukuza. Habari yake ni habari ya watu waliokuwa na mali, nguvu na akili, wakataka kuigeuza nchi isiyotaka kugeuzwa.

Kwanza yapasa kuufahamu udongo wa huko. Katika sehemu za juu za Exmoor mvua ya mwaka mmoja hupita milimita 1,500. Hata Unguja mvua hukaribia kadiri hiyo, lakini jua la Unguja ni kali, nalo hukausha upesi. Exmoor jua ni dhaifu, na kwa miezi mingi baridi hukaa ardhini. Maji hayapandi hewani, wala hayashuki chini kwa urahisi. Basi majani yanapokufa hayaozi yakaisha, kwa kuwa yamelala majini, na penye maji yaliyosimama wale wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao kazi yao ni kuozesha, hukosa hewa. Majani ya mwaka huu hulala juu ya majani ya mwaka jana. Juu yake huota mimea midogo laini inayofyonza maji kama sifongo, nayo ikifa hulala papo hapo. Hivyo udongo mweusi huongezeka, yapata milimita moja kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba: baada ya miaka 1,000 pamekuwa na unene wa kama mita moja, na ndani yake yamo maji mengi kuliko udongo.

Chini ya udongo huo mweusi, mahali pengi, lipo jambo jingine. Maji ya mvua, yakipita polepole katika majani yaliyokufa, huwa na ukali kidogo kama maji ya ndimu. Ukali huo huyeyusha chuma kilicho katika udongo wa juu na kukipeleka chini, na huko chini chuma hugandamana tena, kikawa tabaka jembamba, jekundu, gumu kama kigae. Mzizi wa nafaka hauwezi kulipenya, wala maji hayawezi. Kwa hiyo nchi yote ile ni kama sinia lililotandikwa sifongo: chini pameziba, na juu pamelowa.

Watu wa kale waliijua hali hiyo, nao waliitumia nchi kwa kadiri yake. Exmoor iliitwa msitu wa Mfalme, ingawa haikuwa na miti, kwa kuwa zamani Waingereza waliita msitu mahali po pote palipowekwa kwa ajili ya mawindo ya Mfalme. Wakulima waliokaa pembezoni walikuwa na desturi ya kupeleka kondoo wao huko wakati wa majira ya joto, maelfu kwa maelfu, wakalipa ada kwa kila kichwa. Baridi ilipokaribia waliwashusha mabondeni. Ndani ya msitu wenyewe, tangu mwaka wa 1654, palikuwa na nyumba moja tu ya mkulima, mahali paitwapo Simonsbath. Huenda mgeni aliwaona watu hao kuwa wavivu, maana nchi ilikuwa kubwa nao hawakulima. Lakini mwenyeji ana sababu zake, hata asipozisema.

Basi mwanzoni mwa karne ya 19 Uingereza ilikuwa imepigana na Wafaransa kwa miaka mingi. Vita vilipokuwa vikiendelea bei ya ngano ilipanda sana, na maskini walipata taabu ya chakula. Watu wengi wakasema ya kuwa ni aibu kuacha nchi wazi namna ile, nayo yaweza kulimwa ikatoa mikate. Mwaka wa 1815 Bunge likatoa sheria ya kuugawa msitu wa Exmoor, na mwaka wa 1818 serikali ikaiuza sehemu ya Mfalme, zaidi ya eka 10,000. Aliyeinunua ni mtu mmoja aitwaye John Knight, wa jimbo la Worcestershire. Bei yake ilikuwa pauni 50,000, nayo kwa siku zile ilikuwa mali nyingi sana. Baadaye akanunua sehemu nyingine kutoka kwa majirani, hata mali yake ikapita eka 15,000.

John Knight hakuwa mjinga, wala hakuwa mtu wa mchezo. Ukoo wake ulikuwa umetajirika kwa viwanda vya chuma. Alijua hesabu, alijua kuajiri watu, naye hakuiogopa kazi kubwa. Aliizungushia mali yake ukuta wa urefu wa maili 29. Akatengeneza barabara zaidi ya maili 20 mahali ambapo kwanza palikuwa na njia za kondoo tu. Akaleta makundi ya ng'ombe wa kukokota majembe. Kwa kuwa udongo ulikuwa mkali, akanunua chokaa ili kuupoza, na mawe ya chokaa hiyo yalitoka Wales, yakavushwa bahari kwa mashua, yakapandishwa vilimani kwa mikokoteni. Akaanza hata kujijengea jumba kubwa huko Simonsbath.

Tena akachimba mitaro. Watu waliingia katika udongo mweusi na sepetu zao, katika mvua na baridi, wakakata mstari baada ya mstari. Shauri lenyewe lilikuwa rahisi kulifahamu: maji ndiyo adui, yakiondoka, udongo utakauka, ukikauka, jembe litaingia, jembe likiingia, ngano na shayiri zitaota. Kila neno katika shauri hilo lilionekana kuwa kweli, na katika nchi ya chini lingekuwa kweli.

Huko juu halikuwa. Mtaro ulikausha kipande kidogo kilicho kandokando yake, lakini udongo ulio mbali nao kidogo ulibaki umelowa kama kwanza, kwa maana sifongo haitoi maji yake yote kwa kukatwa upande mmoja. Na lile tabaka la chuma lilikuwa chini, limeziba. Ilipasa livunjwe kwa jembe la kwenda chini sana, na kazi hiyo ilichosha ng'ombe na kula fedha. Ukoo wa Knight ulipata mali kwa chuma, na huku Exmoor ni chuma kilichowazuia wasiendelee.

Hata mahali palipolimwa vizuri, nafaka ilikataa. Mbegu ilichipua, majani yakawa mabichi, wenye shamba wakafurahi. Kisha majira ya joto yakapita upesi, kama yapitavyo kila mwaka katika nchi ya juu, na mvua za vuli zikaanza kabla masuke hayajakauka. Mkulima alisimama penye ukungu akatazama shayiri yake imelala matopeni, nayo bado ni mbichi. Mtu aweza kununua nchi, aweza kununua chokaa na ng'ombe na kazi za watu. Majira hayauzwi.

Liko jambo moja huko ambalo hata leo watu huuliza maana yake. Juu kabisa, karibu na chemchemi ya mto Barle, John Knight aliwaweka wafanyakazi wake kujenga boma la udongo ili kuuzuia mto, likatokea ziwa dogo jeusi liitwalo Pinkworthy. Ziwa hilo lipo mpaka leo. Karibu nalo upo mfereji mrefu uliochimbwa ukiufuata ubavu wa kilima. Wengine husema ulikusudiwa kunywesha mashamba, wengine husema ulikuwa wa kuendesha mitambo, na wengine hudhani palikuwa na shauri la kuvuta magari. Hakuna aliyeandika sababu yake ikahifadhiwa, na mfereji haukutumika kwa kazi yo yote. Watu walichimba, wakalipwa ujira wao, wakaenda zao. Kazi ya mikono yao imebaki, lakini kusudi lake limepotea.

Lile jumba la Simonsbath nalo halikumalizika. John Knight aliondoka Uingereza, akafa Roma mwaka wa 1850. Lakini kabla ya hapo, mwaka wa 1841, mwanawe Frederic alikuwa amekwisha kushika usimamizi wa nchi ile, naye alikuwa kijana ambaye hajafika miaka 30.

Frederic aliona ya kuwa mtu mmoja hawezi kulima nchi kubwa hivi peke yake. Basi akaigawa katika mashamba, akajenga nyumba za mawe, akainua matuta ya udongo kando ya mashamba na kupanda juu yake miti ya kukinga upepo. Kisha akawaita wakulima wapangaji. Wengine walitoka majimbo ya mbali, yenye udongo mzuri na jua zaidi, wakavutwa na kodi ndogo. Mtu aliuza alivyokuwa navyo, akapakia mkewe na watoto wake garini, akaja na majembe yake na matumaini yake. Hao hawakuwa matajiri kama Knight, wala hawakuwa na akiba ya kuwashika mavuno yakipotea mara mbili au tatu. Wengi wao walishindwa. Mmoja baada ya mmoja walifunga mizigo, shamba likabaki tupu, akaja mwingine na matumaini yale yale. Tajiri akikosea katika shauri lake hupunguza mali yake. Maskini akilifuata kosa la tajiri hupoteza yote.

Walakini habari ya Frederic si ya kushindwa tu, na yapasa isemwe kwa haki. Yeye alijifunza. Kuuliza si ujinga, na kwa miaka mingi ni kama aliiuliza nchi yenyewe yale iwezayo kuyatoa. Jibu halikuwa ngano wala shayiri. Jibu lilikuwa majani. Akaacha kuitafuta mikate katika nchi ile, akapanda majani mazuri na mboga za kulisha mifugo. Akaleta kondoo wa Scotland waliozoea baridi na mvua, na pamoja nao wachungaji wa Scotland na mbwa wao, watu waliojua kukaa peke yao katika nyumba ya mbali wakati theluji inapofunga njia. Katika miaka ya 1870 alitumia hata mitambo ya mvuke, iliyovuta jembe zito kwa kamba za chuma, ili kulivunja lile tabaka gumu. Mashamba ya majani mabichi yanayoonekana leo kandokando ya Simonsbath ni matunda ya kazi hiyo. Mwaka wa 1856 mahali pale pakawa na kanisa na parokia yake, mahali ambapo miaka 40 kabla yake palikuwa na nyumba moja tu.

Hivyo katika mabonde na mitelemko alipata kitu. Lakini katika vilele vilivyolowa hakupata, na fedha aliyoiweka katika nchi ile ilikuwa nyingi kuliko aliyoitoa. Mwanawe wa pekee alikufa mwaka wa 1879. Frederic mwenyewe alipokufa mwaka wa 1897, mali yote ikawa ya ukoo wa Fortescue, nao walikuwa majirani.

Hapa watu wangeweza kudhani ya kuwa habari imekwisha. Waliotaka kuligeuza lile sifongo wamekufa, ngano imesahauliwa, kondoo wanakula majani. Lakini mitaro ilikuwa bado ipo. Na mtaro hauko kama jembe. Jembe likiwekwa chini, kazi yake husimama. Mtaro haumngoji mtu. Mvua ikinyesha usiku, wote wakiwa wamelala, mtaro unafanya kazi. Aliyeuchimba akifa, unafanya kazi. Nafaka iliyokusudiwa ikiwa haikupandwa tena kwa miaka 100, mtaro unaendelea kuyaondoa maji, kwa kuwa haujui ya kuwa kazi yake haina faida.

Tena mitaro mingine iliongezwa. Katika vita vikuu vya karne ya 20 Uingereza iliogopa njaa, na baada ya vita serikali ililipa wakulima msaada wa fedha ili wakaushe na kulima nchi za juu. Sasa haikuwa sepetu tena. Ilikuja mitambo mikubwa ya kukata mitaro, na kazi ambayo zamani iliwachukua watu wengi siku nyingi, mtambo mmoja uliimaliza kwa muda mfupi. Jambo hili lilifanyika Exmoor, nalo lilifanyika katika nchi nyingi za juu za Uingereza, Wales na Scotland, hadi miaka ya 1980. Mwaka wa 1954 Exmoor ilikuwa imewekwa kuwa hifadhi ya taifa, lakini msaada wa kukausha haukukoma kwa sababu hiyo. Hivyo mkono mmoja ulikuwa ukihifadhi, na mkono wa pili ukichimba.

Mitaro hii ilifanya nini basi? Haikuleta shamba, lakini haikuiacha nchi kama ilivyokuwa. Udongo mweusi ulio karibu na mtaro ulikauka na kunywea. Ulipokauka, hewa iliingia, na majani ya kale yaliyolala majini tangu zamani yakaanza kuoza. Yakioza hutoa hewa ya ukaa, ile ile inayotoka katika moto wa kuni, na wenye elimu wa siku hizi hutaabika kwa kuwa hewa hiyo huzidisha joto la dunia. Ile mimea midogo ya kufyonza maji ikapungua, na mahali pake yakatawala majani magumu ambayo kondoo hawayapendi wakati yamekomaa. Na mvua kubwa iliponyesha, maji hayakukawia tena katika udongo. Yaliingia katika mitaro, yakateremka mbio mtoni, yakichukua udongo pamoja nayo. Kisha jua likiwaka kwa majuma machache, mito ilipungua upesi, kwa maana akiba iliyokuwa juu imekwisha kwenda baharini.

Na mito itokayo Exmoor si midogo kwa maana yake. Mto Exe huanzia huko juu, kiasi cha maili tano tu toka bahari ya kaskazini, lakini badala ya kuishika njia fupi huelekea kusini, ukavuka nchi yote mpaka mji wa Exeter na bahari ya upande wa pili. Watu wengi hunywa maji yake. Mito mingine hushuka kaskazini kwa ghafula, katika mabonde membamba, mpaka kijiji cha Lynmouth kilicho ufukweni. Usiku wa tarehe 15 Agosti 1952 mvua ya inchi tisa ilinyesha juu ya vilima hivyo kwa muda wa siku moja, juu ya udongo uliokwisha kulowa kwa mvua za siku zilizotangulia. Sifongo ilikuwa imejaa, na chini ya sifongo pameziba. Maji yakashuka na mawe makubwa na miti, yakavunja nyumba gizani, na watu 34 wakafa. Si haki kusema ya kuwa mitaro ndiyo iliyoleta gharika hiyo, kwani mvua ya namna ile ingekuwa msiba katika nchi yo yote. Lakini tangu usiku ule hakuna mtu wa Lynmouth anayeweza kusema ya kuwa mambo ya kilimani hayamhusu.

Mwishoni mwa karne ya 20 watu wakaanza kufikiri upya. Wenye kuitunza hifadhi, pamoja na kampuni ya maji ya South West Water na wakulima wenyewe, wakafanya shauri la kuiziba mitaro. Mwaka wa 1998 walijaribu mahali padogo, na tangu mwaka wa 2006 wakaendelea kwa upana zaidi. Kazi yao ni ya kutazamisha kwa mtu ajuaye habari ya kale. Wanapanda kilimani na mbao na mafungu ya majani makavu, wanachukua udongo mweusi ulio karibu, wanajenga kizuizi katika mtaro, kisha hatua chache chini yake kizuizi kingine, na kingine, mpaka mtaro wote umekuwa ngazi ya vidimbwi vidogo. Kabla ya kuziba, wachunguzi wa mambo ya kale hutangulia wakaipima mitaro na kuichora, ili kumbukumbu ya kazi ya watu waliokwisha kufa isipotee. Hilo ni jambo la heshima. Kosa nalo ni sehemu ya historia, na atakayelifuta bila kuliandika huwanyima watoto wake nafasi ya kujifunza.

Maji yakisimama, ile mimea midogo laini hurudi. Haiji yote kwa mara moja, wala mtu hawezi kuiharakisha. Kwanza huonekana kidogo ukingoni mwa kidimbwi, kama kitambaa cha kijani. Mwaka wa pili imeongezeka. Wapimaji wa Chuo Kikuu cha Exeter waliweka vyombo vyao katika vijito, wakaona ya kuwa baada ya mitaro kuzibwa maji ya mvua kubwa hayashuki tena kwa wingi ule wa kwanza. Sehemu yake hubaki juu, ikatoka polepole. Hata hivyo hakuna anayedai ya kuwa nchi imepona. Udongo ulioliwa kwa miaka 150 haurudi kwa miaka 10. Kuchimba mtaro ni kazi ya siku moja, na kujaza pengo lake kwa milimita moja kila mwaka ni kazi ya karne.

Wako wasomaji watakaomcheka John Knight. Wasifanye haraka. Mtu yule aliona nchi pana na watu wenye njaa, akataka nchi ilishe watu. Hakuna aibu katika nia hiyo. Upungufu wake ulikuwa mahali pengine. Aliyahesabu maji kuwa adui kabla hajauliza maji yale yana kazi gani pale. Wachungaji waliowapeleka kondoo wakati wa joto na kuwashusha wakati wa baridi wangeweza kumwambia, walakini mtu mwenye pauni 50,000 mkononi haoni upesi ya kuwa mchungaji ana la kumfundisha. Mwanawe alijifunza jambo hilo kwa miaka mingi na hasara nyingi, naye alilolipata ndilo lililodumu.

Basi mwanafunzi, siku moja utakabidhiwa shamba, au mto, au bonde lenye maji, nawe utakuwa na jembe, au mtambo wenye nguvu kuliko majembe 100. Watakuwapo watu wa kukuambia ya kuwa mahali pale hapana faida, na ya kuwa mtaro mmoja utapatengeneza. Huenda ni kweli. Lakini kabla ya kuukata, mtafute mzee aliyekaa hapo, umwulize maji hutoka wapi, huenda wapi, na nani huyanywa huko chini. Kisha ukumbuke ya kuwa juu ya vilima vya Exmoor, leo hii, mvua inaponyesha, mitaro ambayo haijazibwa bado inayapeleka maji baharini kwa ajili ya ngano ambayo haikuvunwa.